Tapeli wa Ajira Kajifunza kwa Waajiri

Barua ilikuwa nzuri. Naanza na hilo kwa sababu wengi wakisikia mtu kalizwa na tapeli wa ajira hudhani alitumiwa karatasi iliyojaa makosa ya tahajia, ya kuchekwa hata na mtoto wa shule. Hii niliyoonyeshwa kwenye simu ya binti mmoja ninayemfahamu tangu akiwa mdogo ilikuwa na nembo ya kampuni juu, anwani ya posta, namba ya kumbukumbu, na chini muhuri wa bluu uliokaa upande kidogo, kama inavyokuwa mtu anapogonga muhuri kwa haraka. Majina yake matatu yaliandikwa sawasawa. Nafasi ilikuwa ya karani wa masijala, na mshahara ulikuwa wa kawaida tu, wa kuaminika. Sumu ilikuwa kwenye aya ya tatu: mwajiriwa mpya atalipia vipimo vya afya kupitia namba ifuatayo, fedha hiyo atarudishiwa pamoja na mshahara wa kwanza, na malipo yafanyike kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi atapewa aliye kwenye orodha ya akiba.

Alilipa saa tisa na nusu.

Nilimuuliza kama hakuona dalili yoyote. Akasema aliziona. Aliona kwamba barua imekuja kwa WhatsApp. Aliona kwamba usaili wake ulikuwa wa dakika kumi, kwa simu, na hakuulizwa lolote kuhusu masijala. Lakini hilo lilikuwa jibu la kwanza kulipata tangu aanze kuomba kazi, na maombi yenyewe yalikuwa mengi kiasi kwamba hakumbuki tena aliomba wapi na wapi. "Nilijua huenda ni uongo," aliniambia, "ila nikasema nikiacha halafu kumbe ni kweli, nitajilaumu maisha yangu yote."

Ushauri tunaopeana siku zote kuhusu jambo hili humwelekea yeye: kuwa makini, punguza tamaa, ukiona vinono ujue kuna ndoano. Sikatai kwamba wapo wanaonaswa kwa mshahara wa ajabu na ahadi ya gari. Lakini ukarani wa masijala una tamaa gani ndani yake? Binti yule alitaka kuamka asubuhi, apange mafaili, alipwe mwisho wa mwezi. Kumwambia kuwa tamaa ndiyo iliyomponza ni kumtonesha kidonda, na zaidi ya hapo ni kukosea ugonjwa. Daktari akikosea ugonjwa, dawa anayotoa haiponyi.

Ninavyoona mimi, tapeli wa ajira kabuni kidogo sana. Sehemu kubwa ya mbinu zake alizikuta kwa waajiri halali na mawakala wao, akazinakili. Mtafuta kazi kazoeshwa kutuma nakala ya kitambulisho, vyeti vyote na namba za wadhamini kabla hajajua hata jina la atakayezisoma. Kazoeshwa kupigiwa na namba ngeni, na mtu anayejitaja kwa jina moja tu. Kazoeshwa kutouliza mshahara, maana kuuliza huhesabiwa utovu wa adabu. Kazoeshwa kukaa miezi bila jibu, kisha siku linapokuja anapewa hadi kesho yake kukubali. Na mahali pengi kazoeshwa kwamba kazi haipatikani bila kutoa kitu, iwe pesa ya fomu au ya kulisogeza faili. Tapeli anapofika, njia imeshafyekwa. Mwombaji anapomtii hafanyi jambo geni. Anafanya lile lile alilofundishwa na watu wasio matapeli.

Ndiyo maana maonyo peke yake hayajatufikisha mbali. Tunamwambia mtu atilie shaka barua ya uongo huku barua ya kweli ikija kwa sura ile ile.

Tuitazame mitambo yenyewe kidogo, maana ina akili. Anza na kiasi kinachoombwa. Asiyewahi kukaa karibu na mtu aliyelizwa atadhani tapeli huomba kingi kadiri awezavyo. Haombi hivyo. Anaomba kile ambacho mtu asiye na kazi anaweza kukikopa mchana mmoja, kwa mtu mmoja, bila maswali mengi: kwa kaka, kwa shangazi, kwa rafiki aliyepokea mshahara juzi. Akitaja kikubwa, mwombaji itabidi awaendee watu watatu, na katika watu watatu hakosi mmoja wa kusema, "Hebu nione hiyo barua." Kiasi kidogo kinamwezesha alipe akiwa peke yake. Saa ya mwisho nayo huwekwa jioni ya siku hiyo hiyo kwa sababu jambo likilala, asubuhi litapata mshauri.

Malipo ya kwanza yakishaingia, ya pili hayachelewi. Vipimo vikishalipiwa, kunakuja sare. Baada ya sare kuna mafunzo ya siku tatu, yenye ada ya vitabu. Kisha bima. Kisha kibali, ikiwa kazi ni ya nje ya nchi. Watu huuliza kwa mshangao: mtu analipaje mara nne? Analipa mara ya nne kwa sababu ameshalipa mara tatu. Akiacha sasa, zile tatu zimepotea. Akiendelea, bado anaweza kujiambia kwamba alikuwa akiwekeza. Na ile ahadi ya kurudishiwa kwenye mshahara wa kwanza inafanya kazi ambayo wengi hawaioni. Inaugeuza wizi kuwa mkopo. Anayelipa anajihisi anaidai kampuni, na anayedai huwa na subira.

Sasa linganisha orodha hiyo ya vipimo, sare, mafunzo, bima na kibali na jambo moja ambalo naona halitajwi vya kutosha. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilichapisha ufafanuzi wa kile kinachopaswa kuhesabiwa kuwa ada ya kuajiri na gharama zinazoambatana nayo, yaani vitu ambavyo mfanyakazi au mtafuta kazi hapaswi kulipishwa. Humo kuna vipimo vya afya, bima, majaribio ya ujuzi, mafunzo na maelekezo ya kazi, vifaa pamoja na sare, safari na malazi, na gharama za kiutawala kama nyaraka na vibali. Nilipousoma nilihisi nasoma ujumbe wa matapeli uliopangwa upya kwa lugha ya ofisini. Kila kisingizio wanachokitumia kimo humo.

Na msimamo huo ni wa kale. Mwaka 1919, ILO ilipoanzishwa, pendekezo lake la kwanza lilizitaka nchi wanachama zipige marufuku kuanzishwa kwa mawakala wa ajira wanaotoza ada au wanaofanya kazi hiyo kwa faida. Mkataba Na. 34 wa 1933 ukataka mawakala wa kutoza ada wafutwe ndani ya miaka 3. Hawakufutika. Mkataba Na. 181 wa 1997 ukakubali kwamba mawakala binafsi wapo na wataendelea kuwapo, lakini kifungu chake cha 7 kinasema wakala asimtoze mfanyakazi ada wala gharama yoyote, moja kwa moja au kwa kuzunguka, yote au sehemu yake. Hata hivyo kifungu hicho hicho kinaziachia nchi nafasi ya kuruhusu vighairi kwa makundi fulani ya wafanyakazi, na nchi nyingi hazijauridhia mkataba wenyewe.

Kwenye upenyo huo ndiko tapeli anakoingilia. Mahali ambapo wakala mwenye leseni anaruhusiwa kutoza "ada ndogo", mwombaji hawezi tena kusema kwamba anayeomba pesa ni mwizi. Itabidi apime: ada hii ni ndogo au kubwa? Inalipwa kabla au baada? Kwa namba ya ofisi au ya mtu? Tumempa mtihani mtu mwenye njaa ya kazi, tena kwa dakika thelathini. Sheria ikiwa moja, fupi, isiyo na kighairi, kwamba mtafuta kazi halipi chochote kwa yeyote kwa sababu yoyote, hata bibi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mjukuu wake, "Kama wanataka hela, huyo si mwajiri." Kanuni ya namna hiyo inashinda mabango mia ya tahadhari. Mawakala watalalamika kwamba nao wanahitaji kula. Wale kwa mwajiri. Yeye ndiye anayepelekewa mtu wa kumfanyia kazi, na yeye ndiye mwenye pesa siku ambayo mwombaji hana.

Nisifanye ionekane kwamba ada ndiyo hatari pekee. Yapo matapeli wasiokuomba hata senti, na hao nawaogopa zaidi.

Wapo wanaotaka nyaraka zako tu. Ukishawapa nakala ya kitambulisho, picha yako umekishika mkononi, na namba ya akaunti "kwa ajili ya mshahara", wana kila kitu cha kukopea kwa jina lako au kusajili laini ya simu itakayotumika kuwaliza wengine. Wakikuomba na namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako, wakidai ni ya kukamilisha usajili wa mwajiriwa, basi wanaingia kwenye akaunti yako papo hapo. Wapo wanaokupa kazi kweli, na mshahara kweli: kupokea fedha kwenye akaunti yako na kuzituma mbele, ukibakiza asilimia fulani. Unaitwa msaidizi wa malipo. Polisi wakija, jina lililo kwenye miamala ni lako.

Kisha kuna kazi za kubofya. Unaletewa ujumbe usioutarajia: kazi ya nyumbani, saa moja kwa siku, kupenda video au kupigia kura bidhaa. Unalipwa kweli siku mbili tatu, kiasi kidogo, unakitoa na unakishika. Halafu akaunti yako kwenye programu yao inaonyesha umefikia "seti maalumu", na ili uimalize uweke kwanza fedha zako, mara nyingi kwa sarafu za kidijitali. Kasi ya mtindo huu inatisha. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, haikuwa na malalamiko yoyote ya aina hii mwaka 2020. Mwaka 2023 yalifika kama 5,000. Katika nusu ya kwanza ya 2024 peke yake yalifika kama 20,000. Ukichukua utapeli wote wa ajira katika miezi hiyo sita, watu walioripoti walisema wamepoteza zaidi ya dola milioni 220, na waliopotelewa wakanyamaza hawamo kwenye hesabu hiyo.

Wanaodhani haya huwapata wasiosoma, nawakumbusha yaliyotokea Machi 2022. Mtandao wa Ronin, unaotumiwa na mchezo wa Axie Infinity, uliibiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 500, na FBI ikawataja wadukuzi wa Lazarus wa Korea Kaskazini kuwa ndio waliohusika. Taarifa zilizotoka baadaye zilieleza mlango walioingilia: mhandisi mwandamizi wa mchezo huo alifuatwa na waajiri wasiokuwepo, akapitishwa kwenye hatua kadhaa za usaili, akapewa ofa nono ndani ya faili la PDF. Akalifungua. Huyo alikuwa fundi wa kompyuta kwa taaluma, na kazi alikuwa nayo. Ofa ya kazi inafungua mioyo ambayo vitisho haviwezi kuifungua, kwa sababu inamwambia mtu kwamba ameonekana, kwamba kuna aliyesoma wasifu wake hadi mwisho akaona thamani yake.

Mwisho wa safu hii ya mabaya ni ule ambao mtu hapotezi pesa, anapotea mwenyewe. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi walienda kwa miguu yao, wakifuata tangazo la kazi ya huduma kwa wateja au ya kompyuta, tiketi imelipwa na mwajiri. Wakifika, pasipoti inachukuliwa, geti linafungwa, na wanakabidhiwa simu za kuwatapeli watu wa upande wa pili wa dunia. Mapema 2025 maelfu walitolewa kwenye ngome hizo upande wa Myawaddy, mpakani mwa Myanmar na Thailand, wakiwemo watu kutoka nchi kadhaa za Afrika.

Fikiria maana yake. Ujumbe wa kazi ya uongo unaouona kwenye simu yako huenda unaandikwa na mtu aliyejibu ujumbe kama huo mwaka jana. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inasema kwamba mtu akishaandikishwa kwa udanganyifu ili anyonywe, ridhaa yake haihesabiki. Kwa hiyo kauli ya "si alienda mwenyewe?" haina msingi mbele ya sheria ya kimataifa, na bado ndiyo kauli ya kwanza wengi wao wanayoisikia wakirudi nyumbani.

Narudi kwa waajiri, maana huko ndiko dawa iliko na ndiko inakochelewa zaidi.

Binti yule, siku tatu baada ya kulipa na namba ile kuacha kupokea, aliipigia kampuni yenyewe, ile ambayo nembo yake ilikuwa kwenye barua. Alipokelewa na mtu mpole. Alimaliza kueleza, na yule mpokezi akasema kwa sauti ya kuzoea: "Pole dada, wewe si wa kwanza. Wiki hii wamepiga wengine wanne." Jioni ile nilifungua tovuti ya kampuni hiyo. Ukurasa wa ajira ulikuwa na tangazo la mwaka uliopita ambalo muda wake uliisha. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu barua za uongo. Watano ndani ya wiki moja, na wote watano walikuwa wamelizwa kwa jina lao, lakini ofisini lilichukuliwa kuwa jambo la mapokezi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kampuni ikiibiwa nembo na kubandikwa kwenye bidhaa bandia, mwanasheria anaamshwa usiku. Nembo hiyo hiyo ikibandikwa kwenye barua bandia ya ajira, hakuna anayeamshwa, kwa kuwa aliyeumia si mteja.

Yanayotakiwa si makubwa. Ukurasa mmoja ulio hai, wenye kila nafasi iliyo wazi leo na tarehe ya kufungwa, ili ambaye hakuiona nafasi humo ajue haipo. Namba moja ya simu inayopokelewa na mtu, ya kuuliza swali moja tu: je, barua hii ni yenu? Nyaraka nyeti ziombwe baada ya mtu kupata kazi. Kabla ya hapo wasifu wake unatosha kabisa kumchuja. Majibu ya kukataliwa yatumwe, hata ya mstari mmoja. Hilo la mwisho wengi hawalihusishi na utapeli, lakini nina hakika nalo: ukimya wa waajiri ndio unaomfikisha mtu mahali ambapo jibu lolote ni bora kuliko kutojibiwa. Mafundi wao wa mtandao nao waweke ule mpangilio uitwao DMARC, unaoziambia seva za wapokeaji zikatae baruapepe zinazojidai kutoka kwenye anwani ya kampuni wakati hazikutoka huko. Haugharimu kitu zaidi ya muda wa fundi.

Kuandika tu kwamba "hatutozi ada" hakutoshi, ingawa kusikosekane. Matapeli wameshaanza kuiweka sentensi hiyo chini ya barua zao wenyewe.

Mitandao inayopokea matangazo ya kazi ina lake la kujibu. Tangazo lililolipiwa limepita kwenye mikono yao, na pesa yake wameila. Anayetangaza nafasi kwa jina la kampuni athibitishwe kwamba ni wa kampuni hiyo kabla tangazo halijapanda, wala isisubiriwe hadi waripoti watu hamsini. Vivyo hivyo kwa wanaopitisha fedha. Uingereza imetoa mfano unaofaa kuigwa: tangu Oktoba 7, 2024, benki na taasisi za malipo zinalazimika kumrudishia mteja aliyehadaiwa akatuma fedha ndani ya nchi, hadi kikomo cha paundi 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Hilo la iliyopokea ndilo zito. Mpaka hapo benki aliyofungulia akaunti tapeli ilikuwa haipotezi kitu cha maana. Ikianza kupoteza, itatafuta yenyewe akaunti inayopokea viasi vidogo vinavyofanana kutoka kwa watu ishirini wasiojuana, kila mmoja kabla ya saa kumi jioni.

Mpaka hayo yatimie, mtafuta kazi hawezi kukaa bila kinga. Nitasema yale ninayoyaamini kweli, kwa uchache.

Usiihakiki barua kwa kutumia barua yenyewe. Namba iliyo ndani yake itapokelewa na aliyeiandika, na kiungo kilicho ndani yake kitakupeleka kwake. Ifunge, itafute kampuni kwa njia yako mwenyewe, upige namba uliyoipata huko. Anwani ya baruapepe isome herufi kwa herufi, tena kutoka mwisho kurudi mwanzo ili jicho lisirukeruke: r na n zikikaa pamoja huonekana kama m kwenye kioo cha simu, na kistari kimoja kilichoongezwa katikati ya jina la kampuni ni mlango wa mtu mwingine. Tarehe ya kusajiliwa kwa jina la tovuti inaweza kutazamwa bure kwenye huduma ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani. Kampuni inayojisifu kuwa na miaka ishirini huku tovuti yake ikiwa na wiki tatu imejibu swali lako.

Kwenye usaili, uliza kuhusu kazi. Nitakuwa chini ya nani? Nafasi hii iliachwa na nani, au ni mpya? Siku ya kwanza nitakabidhiwa nini? Mwajiri wa kweli hufurahia maswali hayo, na mara nyingi humpandisha alama anayeyauliza. Tapeli huyakwepa na kukurudisha kwenye malipo na muda. Ukiambiwa usimwambie mtu hadi mkataba utoke, mwambie mtu siku hiyo hiyo, na uchague asiye na hamu ya kazi hiyo kama wewe. Akili yako haina kasoro. Ni kwamba mwenye kiu huona maji hata penye mangati.

Kwa aliyekwisha kulipa, saa za mwanzo ni za thamani. Pigia simu benki au kampuni ya simu uliyotumia kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote, maana fedha ambayo haijatolewa upande wa pili inaweza kuzuiwa. Ukiwa umetoa nakala za kitambulisho, waarifu pia, ili mkopo ukiombwa kwa jina lako pawe na kumbukumbu. Usifute mazungumzo, aibu hutusukuma tuyafute, na ndiyo ushahidi. Na baada ya wiki mbili hivi anaweza kuja mtu wa tatu, mstaarabu sana, akijitambulisha kuwa mwanasheria au mtaalamu wa kurejesha fedha zilizotapeliwa, kwa ada ndogo ya kufungulia jalada. Mara nyingi ni kundi lile lile. Jina lako wameliuza au wamelihifadhi.

Aibu ndiyo niliyoiona ikimtafuna binti yule kuliko hasara. Kwa siku kadhaa hakumwambia hata dada yake aliyemkopesha. Mjomba mmoja alipopata habari alimwambia mbele ya watu kwamba wasomi wa siku hizi hawana akili. Baada ya hapo alinyamaza kabisa. Ilichukua karibu wiki nyingine ndipo akaipiga picha barua ile, akafunika jina lake kwa kidole, akaituma kwenye kundi la WhatsApp alikoliona tangazo mara ya kwanza. Aliandika maneno machache tu: hii si ya kweli, mimi nimelipa.

Wanne walijibu ndani ya saa moja. Wote walikuwa na barua hiyo hiyo, muhuri ule ule umekaa upande ule ule. Watatu walikuwa wameshalipa na kunyamaza. Wa nne alikuwa amepewa hadi saa kumi jioni ya siku hiyo, na alikuwa njiani kwenda kwa shangazi yake kuchukua hela.